Mtani Wangu Aliyeitupa Windows

Nilimwambia mtani wangu aitupe Windows jalalani, naye akaitupa. Nikisimulia hivyo hapa Tabora watu wanaangua kicheko, wanasema umeyataka mwenyewe. Wacheke tu. Wao hawakuwa na baba aliyekuwa anakaa kwenye kiti kutwa nzima akiusubiri wimbo wake.

Nianze na huyo mtani. Ni Mzaramo, fundi wa kompyuta, ana kibanda chake karibu na soko. Mimi ni Mnyamwezi wa Chemchem. Mgeni ataniuliza Mzaramo na Mnyamwezi wanajuana wapi. Wanajuana kwa miguu. Babu zetu walibeba pembe kutoka hapa mpaka pwani, wakarudi na nguo na shanga, na huko pwani wenyeji wao walikuwa Wazaramo. Wakapokeana, wakauguzana, wakazikana, wakatukanana, mwisho wakawa watani. Mpaka leo yule fundi akiniona ananiita mpagazi wake, anauliza mzigo nimeutua wapi, na mimi namuuliza kama Uzaramoni kuna mtu aliyewahi kufanya kazi au wote wanasubiri nazi zidondoke. Ndiyo salamu yetu. Na sheria ya utani ni moja: ukikasirika, umeshindwa.

Tena huyu si mtani wa maneno matupu. Tulipomzika mama kule kijijini kwetu Ziba alifunga safari, akashuka kaburini kabla ya jeneza, akalala chali, akatangaza kwamba hatoki mpaka Wanyamwezi wamletee mto. Watu waliokuwa wanalia wakajikuta wanacheka. Baba naye alicheka, mara ya kwanza tangu mama afumbe macho. Kwa hiyo nilipokuwa na shida ya kompyuta sikwenda kwa mtu baki, nilikwenda kwa mtani.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya baba, ile ya mezani, nzito, ukiiwasha unaweza kwenda kuchota maji ukarudi ukaikuta bado inajifikiria. Ilikuwa imejaa virusi. Fundi aliiwasha, akaisubiri, akapiga miayo, akasema, "Mtani, hii Windows yako imeoza. Naitupa jalalani nakuwekea mfumo mwingine, Linux, na wewe ujue watu wanavyoishi."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na kapu langu la sokoni. Nikamjibu kama mtani anavyojibiwa: "Tupa, na wewe mwenyewe jitupe humo humo, tupumzike."

Akacheka, nikacheka, nikaenda zangu kununua dagaa. Sasa niambie wewe unayesoma, hapo mimi nilitoa ruhusa?

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na tangu nipate akili alikuwa pia mwalimu wa kwaya kanisani kwetu. Sisi ni Wamoravian tangu enzi za babu. Nyimbo alizitunga mwenyewe, mezani, baada ya chakula. Mama alikuwa anaimba sauti ya pili, na hakuna wimbo wa baba ambao hakuuonja kwanza. Baba akimaliza mstari alikuwa anamwita kutoka jikoni, mama anakuja mikono ina unga, anaimba, kisha anatoa hukumu: hapa pamepanda mno, unataka tupasuke koo. Baba ananung'unika, anafuta, anaandika upya. Sikumbuki hata siku moja ambayo mama alishindwa kesi hiyo.

Baadaye mwalimu mmoja wa kwaya aliyepita kututembelea alimwachia baba CD ya programu ya kuandikia muziki. Ni programu ya zamani, ya kwenye Windows. Unaingiza nota za sauti zote nne, unaandika maneno chini yake, ukibonyeza kitufe kompyuta inakuimbia, haina maneno lakini unasikia sauti zote kwa pamoja. Baba aliipenda kuliko redio yake. Alikuwa anabonyeza kwa kidole kimoja, polepole, na miwani imeshuka puani. Mama alipofariki, ile sauti ya kompyuta ndiyo iliyobaki kumwonjea nyimbo.

Wiki zile zile za msiba alianza kutunga wimbo wa mama. Kwetu kaburi halimaliziki siku ya maziko. Mnarudi baadaye, mnalijengea, mnaweka msalaba kwa ibada, ndipo mnasema tumemaliza. Tulipanga kwenda Ziba kuweka msalaba baada ya mavuno, na baba alisema kwaya itaimba wimbo huo siku hiyo, si mwingine. Hakumwonyesha mtu. Baba hakuwahi kuchapa wimbo kwenye karatasi kabla hajautoa mwenyewe mbele ya kwaya. Mimi niliusikia vipande vipande tu kupitia ukutani, nikiwa napika.

Kisha kikaja kiharusi. Kilichukua mkono wa kulia, kikachukua na ulimi. Baba aliyekuwa anakemea watu sitini kwa sauti moja alibaki na neno moja, "eeh," basi. Akikubali ni eeh, akikataa ni eeh, akitaka maji ni eeh. Lakini masikio yalikuwa yake, na akili ilikuwa yake. Nalisema hili kwa herufi kubwa kwa sababu watu walikataa kulielewa, watu waliosoma, watu wa kanisani.

Basi siku nilipoichukua kompyuta kwa fundi na kuirudisha nyumbani, nilimsogeza baba mbele yake. Nilitaka asikie wimbo wake, na nilitaka nianze kuwaandalia wanakwaya, maana mavuno yalikuwa yanakaribia. Kompyuta ikawaka upesi mpaka nikashtuka. Picha ngeni, rangi ngeni, hakuna kitu ninachokijua. Nikaitafuta programu ya baba, haipo. Nikayapata mafaili yake, nikabonyeza, hakuna kilichofunguka. Baba alikuwa ananitazama mimi, haitazami tena kompyuta. Nilivaa kanga nikatoka.

Nilimkuta mtani anakula mihogo, redio inaimba. Nikamuuliza Windows ya baba iko wapi. Akasema kwa furaha kabisa kwamba imekwenda jalalani kama nilivyoagiza, na kwamba nisiwe na hofu, mafaili ya mzee ameyahifadhi yote. Nikamuuliza kama yanafunguka. Akachukua muhogo mwingine. Kisha akaleta utani, eti mpagazi akifikishiwa mzigo salama ana dai gani tena.

Hapo nilimtukana. Si matusi ya utani, ni matusi hasa, Mungu anisamehe, na wauza nyanya wa jirani waligeuka wote. Nilimwambia amechukua kitu cha mgonjwa akakifanyia mzaha. Alinitazama usoni akitafuta kicheko, akakikosa. Akanyoosha mkono akazima redio. Nadhani ni mara ya kwanza katika maisha yake kumwona Mnyamwezi akimkasirikia, na nilijua nimevunja sheria, na sikujali.

Nikamwambia arudishe alichotupa. Akasema CD ya Windows ile ya zamani hana na hamjui aliye nayo, na Windows mpya ile kompyuta haiwezi kuibeba. Nikamwacha na mihogo yake.

Shemeji yangu mmoja ni mtaalamu wa kompyuta kwenye ofisi moja mjini. Nikamwita. Alikuja na kompyuta yake ya mkononi, mpya, nyembamba, nikampa CD ya baba, akaiweka. Windows mpya ikaikataa. Ikaandika kwamba programu hii haiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta hii. Nikamuuliza, si Windows na Windows? Akanieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto, kwamba programu hiyo ni ya kizazi cha zamani mno, Windows za siku hizi haziipokei, na walioitengeneza walishafunga shughuli zao.

Hebu fikiria. Mtu ametunga nyimbo kwa akili yake, nyumbani kwake, kwa umeme aliolipia mwenyewe. Halafu mahali fulani duniani watu wasiomjua wanaamua kufunga duka, wengine wanaamua nyumba yao haitaki tena wageni wa zamani, na nyimbo za mtu wa Tabora zinageuka takataka. Hakuna aliyemuuliza. Nyimbo ni za baba, lakini ufunguo wameondoka nao wao.

Yule shemeji alifunga kompyuta yake, akanywa chai, akasema, "Hili lisikuumize kichwa. Mwambieni mzee atunge mwingine, mfupi tu."

Baba alikuwa amekaa pale pale, hatua mbili kutoka kwake, mkono wa kulia umelala pajani. Aliinua macho. Mimi nilichukua kikombe cha shemeji kabla hajakimaliza, nikamwambia naona kuna mvua inakuja, awahi. Mbingu ilikuwa nyeupe pee.

Wa pili kunichefua alikuwa mwenyekiti wa kwaya. Huyu alikuja kumjulia hali mgonjwa, na aliponikuta na habari za kompyuta alitikisa kichwa. Akasema ibada haiwezi kusubiri mashine. Akasema kwaya inahitaji muda wa mazoezi, bora tuchukue wimbo wa misiba tunaoujua sote, tumalize. Kisha akanisogelea, akashusha sauti, kama kwamba kushusha sauti kunamfanya mtu asisikie. "Dada, tukubali. Mzee ndiyo basi tena. Tumshukuru Mungu kwa aliyoyafanya."

Nikamwambia, "Yupo hapo. Mwambie yeye."

Akacheka kidogo, akampigapiga baba begani, akamwambia ugua pole mwalimu, akaenda zake. Huyo mtu alifundishwa kuimba na baba. Alipokuja kwenye kwaya alikuwa hajui do wala re, baba ndiye aliyemkalisha kwenye benchi jioni baada ya jioni mpaka sauti ikanyooka. Leo anampigapiga begani kama mbuzi aliyefungwa uani. Nilikosa usingizi kwa hasira, na sikuwa na mtu wa kumpelekea hasira hiyo, maana mwenye mali mwenyewe hawezi kusema.

Jumapili mchana nikasikia bodaboda mlangoni. Ni mtani, amebeba begi. Hakunitania. Aliingia akampa baba shikamoo, akajibiwa eeh, akaomba CD. Nikamwambia CD imeshashindwa na Windows mpya ya mtaalamu, yeye na Linux yake ataiwezea wapi. Akasema tujaribu.

Alifanya kazi huku ananieleza, na nitayasema kama nilivyoyaelewa. Programu ya baba inajua kuongea na Windows tu. Ikitaka kuandika kwenye kioo inaiomba Windows, ikitaka kuhifadhi faili inaiomba Windows. Linux haielewi maombi hayo. Lakini kuna watu wametengeneza kitu cha kukaa katikati. Programu ikiomba kwa lugha ya Windows, kile cha katikati kinapokea, kinapeleka kwa Linux, kinarudisha jibu kwa lugha ile ile ya Windows, na programu haijui kama imehama nyumba. Akasema ni kama mgeni akihubiri kanisani na mkalimani amesimama pembeni yake. Nikamwambia kwa hiyo umemfukuza mwenye nyumba halafu unanisifia mkalimani. Alitaka kucheka, akaniangalia, akaacha.

Na nitasema ukweli ingawa unaniuma: ilikubali. Kitu ambacho Windows mpya ilikikataa mlangoni, Linux ilikipokea. Ile alama ya zamani ya programu ikatokea kwenye kioo, baba akasema eeh kabla yangu. Tukafungua faili la wimbo. Mistari ipo, lakini kila mahali palipotakiwa kuwa na herufi za nota palikuwa na visanduku vitupu, safu kwa safu ya visanduku. Nikasema nilijua. Mtani akasema subiri kidogo, ni maumbo ya herufi tu hayajaletwa, akayachukua kwenye CD akayaweka mahali pake. Visanduku vikageuka nota. Juu kabisa pakasomeka jina la mama.

Akabonyeza kitufe cha kuimba. Kale kamstari kanakofuata nota kakaanza kutembea, kakapita sauti ya kwanza, kakapita yote, na chumba kiko kimya. Hakuna sauti hata kidogo. Baba alikuwa ameinamisha kichwa kusikiliza, akakaa hivyo hivyo.

Mtani akaeleza tena. Eti programu inataja nota tu, haipigi yenyewe. Windows ilikuwa na vyombo vyake vya kupigia humo ndani, Linux inabidi uipe. Nikamwambia kila siku kwake ni kitu, leo herufi, kesho sauti, keshokutwa ataniambia imeondoka roho. Alivumilia. Mtandao ulikuwa unasuasua, akasema atavishusha vyombo hivyo kibandani kwake na kuja navyo. Akaondoka na matusi yangu mengine, nami nikabaki nimekaa na baba mbele ya wimbo usiolia.

Aliporudi nilimwita na mwenyekiti wa kwaya. Nilimwita makusudi. Nilitaka akae pale asikie, halafu aniambie tena habari za ndiyo basi. Alikuja kwa shingo upande, akaketi ukingoni mwa kochi kama mtu mwenye safari.

Safari hii kompyuta iliimba. Ilianza sauti ya nne peke yake, chini kabisa, kisha ya tatu. Nilikuwa nasubiri sauti ya kwanza ichukue wimbo kama kawaida ya nyimbo zote, haikuchukua. Aliyechukua wimbo alikuwa sauti ya pili, sauti ya mama. Sauti ya kwanza iliingia baadaye, ikawa inamfuata nyuma. Katika kwaya yetu sauti ya pili haijawahi kupewa wimbo, sisi tunaoiimba kazi yetu ni kujaza. Nilishika ukingo wa meza. Mwenyekiti naye aliacha kutikisa mguu.

Wimbo ukafika kwenye kiitikio, sauti zote nne zikapanda, zikasimama juu, na zikakatika hapo hapo. Kale kamstari kakaendelea kutembea kwenye mistari mitupu.

Mwenyekiti ndiye aliyeongea kwanza. Akasema unaona, hiyo Linux imekula nusu ya wimbo. Mtani akaapa kwamba hajagusa kitu, faili lilivyokuwa ndivyo lilivyo. Mwenyekiti akasema vitu vya kubabaisha hivi ndivyo vilivyo. Mtani akapandisha sauti, mimi nikapandisha zaidi, nikawaambia wote wawili walichostahili. Baba akaanza kugonga mkono wa kiti kwa mkono wake wa kushoto. Gonga, gonga, machozi yanamtoka.

Mwenyekiti akasimama. "Mnamtesa mzee," akasema. "Zimeni hicho kitu, akapumzike."

Baba akaacha kugonga. Akakunja ngumi, akaiweka sawa na tumbo. Kisha akakifungua kiganja akakilaza. Nikadhani mkono umempata ganzi, nikasogea nimkande. Akanisukuma. Akainua mkono, akanyoosha kidole cha shahada juu, akakishikilia hapo. Tukatazama juu sote. Mtani aliangalia dari kwa makini kabisa, akasema labda mzee ameona mjusi.

Basi nikaelewa. Kila aliyepita mikononi mwa baba anazijua zile ishara. Kabla hajatugawia karatasi alikuwa anatufundisha nota kwa mkono. Ngumi ni do. Kiganja kilicholala ni mi. Kidole kilichonyooka kwenda juu ni ti. Mwenyekiti anazijua, mimi nazijua, tumeziimba tangu utoto. Baba hakuwa anaonyesha mjusi. Alikuwa anaendelea pale kompyuta ilipoishia.

Nikaimba alichoonyesha. Akasema eeh. Akaonyesha nyingine.

Linux haikuwa imekula kitu. Faili liliishia pale kwa sababu kiharusi kilimkuta pale. Mwisho wa wimbo haukuwahi kuwa kwenye kompyuta yoyote, ulikuwa kichwani mwake, na ameutunga akiwa kwenye kile kiti, huku shemeji anakunywa chai na kusema atunge mwingine, huku mwenyekiti anamshusha hadhi kwa sauti ya chini, huku mimi nazunguka mji mzima kutafuta mkalimani wa mashine. Nililia kwa hasira. Watu wanasema nililia kwa furaha. Si kweli, ilikuwa hasira tupu, kwamba mtu mzima na akili zake amekaa miezi na wimbo mkononi na nyumba nzima inampita.

Tukaanza kazi. Kila siku asubuhi, akishakunywa uji, baba anaonyesha, mimi naingiza, kompyuta inaimba, yeye anahukumu. Sauti moja kwanza, kisha ya pili yake, mpaka zote nne. Nikikosea anapunga mkono kama anafukuza nzi. Nota nyingine alizikataa baada ya kuzionyesha mwenyewe, tukafuta, tukaanza upya, nami nikanung'unika, naye akasema eeh ya kuniambia ninyamaze. Mtani alikuwa anapitia kuona kama mkalimani wake bado amesimama. Siku moja alijaribu kuniita mpagazi, nikamwambia bado. Nilikuwa bado sijamsamehe, ila nilimpa chai.

Kilichobaki ni maneno ya mstari wa mwisho. Mkono unaweza kutaja nota, maneno hauwezi. Nilimsomea baba kutoka kwenye kitabu cha nyimbo, nikamsomea na Zaburi, nikajaribu ya kwangu, yote akayafukuza. Mwenyekiti, ambaye sasa alikuwa mwepesi kufika kwetu, akapendekeza tuweke "apumzike kwa amani," maana yanaingia vizuri kwenye mapigo. Baba alimkazia macho mpaka mwenyewe akaangalia pembeni. Mstari ukabaki bila maneno.

Siku ya msalaba tulikuwa Ziba, vumbi la kiangazi, ng'ombe wa jirani wanatupita. Baba tulimweka kwenye kiti mbele ya kwaya. Mwenyekiti akasimama kuwaambia watu kwamba sasa wataimbiwa wimbo aliotunga mwalimu wetu mpendwa kabla ya kuugua.

Sikungoja aketi. Nikasema nikiwa mstarini, kwa sauti, "Si kabla ya kuugua. Mwisho wake ameutunga mwaka huu, kwenye kiti hicho hicho, akiwa hivyo hivyo mnavyomwona."

Watu wakaguna. Mchungaji akainama kutazama viatu vyake. Mwenyekiti akasema ndiyo, ni kweli, asamehewe, na nashukuru kwamba alilisema hilo akimtazama baba, hakunitazama mimi.

Tukaimba. Sauti ya pili tukauchukua wimbo, tukaenda nao mpaka kwenye kiitikio, tukapanda. Ulipofika mstari wa mwisho baba akainua mkono wa kushoto na kutuonyesha nota moja moja, nasi tukaziimba kwa majina yake, do, ti, la, so, kama kwaya zinavyoimba wimbo mpya siku ya kwanza ya mazoezi, kabla hazijapewa maneno. Hakuna kwaya inayosimama mbele za watu ikaimba hivyo. Tuliimba hivyo mpaka akakunja ngumi.

Wakati wa kula bibi mmoja wa pale kijijini alinishika mkono, akaniuliza ule mwisho tumeimba Kizungu au Kilatini, maana hakushika hata neno. Nikamwambia, hayo ndiyo maneno yote aliyobaki nayo baba, bibi, na amempa mama.